Maji Yaliyolala

Siku tulipomzika dada yangu Wangari, mumewe alisimama nyuma ya watu wote, kofia mkononi, utadhani ni mpita njia aliyeona umati akasimama kutazama. Hawakuwa wameishi pamoja kwa miaka mingi, lakini hawakuachana, si kwa sheria wala kwa mila. Kila mmoja alibaki upande wake na ndoa ikabaki katikati, haina mwenyewe. Watu wake wa huko ziwani wangeweza kudai mwili ukazikwe kwao, na ndugu zangu walikuwa wamejiandaa kwa ugomvi huo, hata wakili walishamtafuta. Odhiambo hakudai kitu. Alitupia kaburini konzi moja ya udongo, akarudi nyuma. Baadaye, tulipokuwa nyumbani Buruburu tukiwalisha watu, alinijia nikipakua wali, akaniambia, "Muthoni, kuna jambo nataka kukuuliza kabla sijapanda basi." Nilijua ni jambo gani. Lilikuwa limekaa kati yetu tangu mwaka ule wa unga wa manjano, na mimi mwenyewe nilikuwa bado sijalielewa vizuri, ingawa nilikuwepo na ndoo nilibeba kwa mikono yangu.

Ya ukoo wetu sitayasema hapa, hayana faida kwa mtu. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaambiwa nikakae kwa Wangari nikingoja matokeo. Nyumba yao ilikuwa ya ghorofa, chini sebule na jikoni, juu vyumba vya kulala, na changu kilikuwa kile kidogo chenye dirisha linalotazama ua wa nyuma. Wangari alikuwa mpiga taipu mahakamani Makadara na Odhiambo karani wa wizara mjini. Walikuwa na viti vyenye vitambaa alivyofuma dada mwenyewe, redio ya mbao, na kabati la vikombe ambavyo sisi wenyeji hatukuruhusiwa kunywea chai. Dada aliipenda nyumba ile kupita kiasi. Alikuwa akipangusa hata swichi za taa. Na katika ua wa nyumba hiyo hiyo, pale ambapo majirani walianika nguo, mumewe alikuwa amechimba shimo lenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili, akalijengea kwa mawe na saruji, akalijaza maji na kutia samaki. Walikuwa ngege, samaki wa kwao, aliowaleta kwa treni ndani ya mtungi wa plastiki wakiwa wadogo kama kidole. Mimi nilifika nikiwa na sanduku langu, nikaonyeshwa kidimbwi kabla sijaonyeshwa choo.

Mtaa mzima ulimcheka. Vijana waliokaa kwenye ukuta wa barabarani walimpa jina. "Niaje, Baba Ngege! Leo wamesoma gazeti?" Jirani yetu, Mama Zuhura, ambaye mumewe alikuwa na duka la vitambaa, alikuwa akichungulia juu ya ukuta wa ua na kuuliza, "Jirani, na hawa nao wanalipa kodi ya nyumba?" Na wale waliotoka kwao walikuwa wabaya zaidi. Walikuja Jumapili kumtembelea, wakala ugali wake wakashiba, kisha wakamuuliza kama ni kweli mtu aliyezaliwa karibu na ziwa anafuga samaki kwenye beseni. Odhiambo aliwacheka pia. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye subira ya kuudhi.

Lakini kidimbwi kile hakikuwa mchezo. Odhiambo alitaka kuacha kazi ya ukarani arudi kwao, kwenye kipande cha shamba alichorithi kando ya mto, achimbe mabwawa ya kweli na kuishi kwa samaki. Wangari hakutaka kusikia habari hizo. Alikuwa ametoka mbali kufika Buruburu, na hakuona kwa nini mtu aliyefika atoke. Basi wakawekeana sharti, mezani, mbele yangu. Samaki hawa wakikua mpaka mmoja ajaze sahani, hapa hapa kwenye saruji, Wangari atafunga virago na kwenda bila neno. Wakishindwa kukua, Odhiambo hatalitaja tena shamba lile maisha yake yote. Walipeana mikono wakicheka, kama watu waliouziana mbuzi. Mimi nilidhani ni utani wa mume na mke, nikaendelea kula.

Ni vyema pia niseme kwamba kwetu samaki hakuwa chakula. Nyanya yetu alimweka kundi moja na nyoka, na hata Wangari, pamoja na taipu yake na viatu vyake vya kisigino, hakuweza kukaa chumba kimoja na samaki aliyekaangwa. Jioni ambazo Odhiambo alijipikia samaki wa kununua, dada alichukua sahani yake ya githeri akaenda kula ngazini, mlango ukiwa umefungwa, na wakawa wanazungumza hivyo hivyo, mmoja huku na mwingine kule, wakipaza sauti. Niliwasikiliza nikiwa juu. Sikujua kama ninasikia ugomvi au mapenzi, na mpaka leo nikiyakumbuka mazungumzo yale ya mlangoni siwezi kukata kauli.

Mvua ilikataa mwaka ule. Unga mweupe ukapotea madukani, tukala ule wa manjano uliotoka ng'ambo, ugali wake ukinata kwenye kaakaa na kunuka gunia. Halafu mifereji nayo ikakauka. Maji yalikuwa yakija kwa mgao, mara moja baada ya siku kadhaa, na kila mtu akakimbilia kujaza pipa, sufuria, hata beseni la kuogea. Wangari aliteseka na mapipa yale kuliko sote. Kwetu ng'ombe hapewi maji yaliyolala. Mama yetu alikuwa akiamka, anamwaga maji ya jana kwenye hori, anasugua hori, anatia mapya, ndipo anakamua. Kumpa mgeni maji ya jana ilikuwa kumtukana. Basi dada, katikati ya ukame, majirani wakigombana kwa ajili ya ndoo moja, alikuwa akiamka na kwenda kumwaga maji ya kunywa yaliyobaki kwenye mtungi. Odhiambo alijifunza kumuwahi. "Usimwage, mama. Nipe ya samaki." Dada akamwachia huku akisonya, na hivyo kila kilicholala katika nyumba ile, cha mtungi, cha pipa, cha birika, kiliishia kidimbwini.

Kilikuwa kimegeuka kijani kama supu ya mboga. Samaki walikuwa wamekua, wakasongamana, na asubuhi waliinuka juu wote pamoja, midomo nje, wakihema. Kisha baadhi yao wakaanza kuota vitu vyeupe mapezini, mfano wa pamba iliyolowa, na mmoja akawa na kidonda ubavuni. Odhiambo alipiga magoti ukingoni akanionyesha. "Unaona hii pamba? Watu watakwambia ugonjwa umeingia. Haujaingia. Umo humu majini siku zote, hata leo, hata kwa huyu mzima. Samaki akiwa na raha, anakula, anapata hewa, haumwezi. Akichoka, akisongwa, akishtushwa, ndipo unampanda. Si ugonjwa ulioongezeka, ni samaki aliyepungua." Nikamuuliza, kama umo siku zote, mbona huyu na si yule? Akasema hilo hata yeye hajui. Nilichanganyikiwa, kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwamba ugonjwa unatoka mahali na unakwenda mahali, na hapa naambiwa umekaa tu, unangoja mtu achoke. Wangari alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. "Kumbe ni kama wafanyakazi wa serikali," alisema.

Karibu na wakati huo ndipo nilipomsikia akiomba. Nilikuwa napita kwenye ngazi na kikapu cha nguo, mlango wao haukuwa umefungwa vizuri, na dada yangu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. "Bwana, waondoe hawa," alikuwa akisema. "Waondoe kwa upole, lakini waondoe." Nilirudi chini nyatunyatu. Alisema "hawa", lakini katika nyumba ile wa kuondolewa nilimwona mmoja tu, nami ndiye niliyekuwa nikila ugali wao bila kuchangia senti. Wiki nzima nilipiga deki mpaka vigae vikalalamika. Niliamka mbele ya wote, nikaosha vyombo kabla havijachafuka, na dada akaniuliza kama nina homa.

Odhiambo aliwatibu samaki kwa chumvi. Alitia chumvi ya kupikia kwenye beseni la maji, akamweka samaki mgonjwa humo kwa muda mfupi, akamrudisha, na kesho yake tena. Jumamosi moja Mama Zuhura alikuwa ameketi jikoni kwetu anakunywa chai, mimi nachambua sukuma wiki, tukamsikia Odhiambo akimwita mkewe. Alihitaji mtu wa kumshikia mmoja amtazame kidonda. Nikainuka mimi, akasema, "Hapana, mwenye nyumba." Wangari akatoka kwa shingo upande. "Lowesha mikono kwanza," mumewe akamwambia. "Unaona huu ute? Ndiyo kinga yake. Ukimshika na mikono mikavu umemvua shati, na kila kilichomo majini kitamla." Dada akalowesha mikono. Samaki akapapatika viganjani mwake, dada akapiga ukelele uliowatoa watu barabarani, lakini hakumwachia. Alimshika kwa upole wa ajabu, vidole vimelegea, uso umegeukia pembeni, akicheka na kuapa kwa Kikuyu. "Anapumua," alisema. "Odhi, anapumua mikononi mwangu." Mama Zuhura akaniegemea sikioni akasema, "Huyo amekwisha."

Nami niliona kitu kimebadilika, ila sikujua ni nini. Kidonda kilipona. Dada akaanza kutoka nje asubuhi na kikombe chake cha chai kuwatazama. Siku moja Odhiambo alipika samaki, na Wangari, badala ya kwenda ngazini, alikaa mezani akala kipande cha mkia, akisema hana hakika kama anakula chakula au sindano. Jioni wakiosha vyombo uani, dirisha langu likiwa wazi, nikamsikia dada akiuliza, "Huko kwenu nitampigia nani taipu?"

"Utanipigia mimi."

"Na mvua ikinyesha?"

"Tope mpaka hapa."

Nikasikia sahani zikigongana. "Na mtu anatembea vipi?" akauliza. Mumewe akacheka tu, akidhani anadhihakiwa kama kawaida.

Siku chache baadaye nilikuwa nafagia chumba chao, ufagio ukagonga kitu chini ya kitanda. Nikavuta nje gambuti mpya, nyeusi, zimefungwa kwa gazeti, zinanuka mpira wa dukani. Zilikuwa ndogo. Nilizipima kwa macho. Odhiambo asingeingiza hata vidole. Mimi mguu wangu ulikuwa mkubwa kuliko wa dada. Na dada yangu, mtu aliyevaa kisigino kwenda kununua mkate, gambuti za nini, mwaka ambao hapakuwa hata na umande? Nilizirudisha nikaendelea kufagia. Nilikuwa na umri ule ambao mambo ya watu wazima unayaona yote na huyaunganishi hata mawili.

Kisha Odhiambo akasafiri kwao kwa siku chache, kuzungumza na nduguye juu ya lile shamba. Alipokuwa huko, maji yakarudi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mfereji ulikohoa, ukatema kutu, na barabarani kijana mmoja akapiga kelele, "Maze, maji imekam!" Mtaa ukalipuka. Mama Zuhura alipiga vigelegele juu ya ukuta, watu wakatoa mazulia nje, watoto wakavuliwa nguo wakaogeshwa hadharani. Maji yalianza na rangi ya chai, yakageuka meupe kama yametiwa maziwa, halafu yakawa safi kabisa, yananuka dawa kama korido ya hospitali. Wangari aliyaonja kwenye kiganja akafumba macho. "Afadhali yanuke dawa kuliko yanuke vyura," alisema. Aliloweka shati zote nyeupe za mumewe kwenye karai, akatia dawa ya kung'arisha nguo, akaiacha chupa juu ya ukuta wa kidimbwi. Halafu akasimama anawatazama samaki.

"Muthoni, leta ndoo. Hawa hawatabaki kwenye uchafu huu hata dakika moja."

Alijifunga leso, akavua viatu, akaingia kidimbwini miguu mitupu. Tuliteka yale maji ya kijani tukayamwagia sukuma wiki. Samaki aliwaweka kwenye beseni, mmoja mmoja, na kila alipotaka kushika mwingine alilowesha mikono kwanza, kama alivyofundishwa. Alisugua saruji kwa brashi mpaka ikarudi kuwa saruji, akaingiza mpira wa maji, akafungua mfereji wote. Nilimwona akitabasamu peke yake. "Shemeji yako akirudi atawakuta wameoga," aliniambia. Alikuwa na furaha, na nataka hilo lieleweke, kwa maana nimeulizwa mara nyingi, na watu wengi, na kwa njia nyingi, dada yako alikuwa na hali gani siku ile. Alikuwa na furaha.

Tuliporudisha samaki walikimbia. Walizunguka kwa kasi, wakajigonga ukutani, mmoja akaruka nje akaangukia miguuni pangu. "Wanacheza," alisema Wangari. Mchana wakawa wametulia juu, midomo inafunguka na kufunga, na yeye akasema wanashukuru. Jioni mmoja alilala ubavu. Dada akamgeuza kwa kidole, akalala tena. Akageuzwa, akalala. Kufikia Jumapili wengi walikuwa wanaelea, na wachache waliobaki hai wakaanza kuota ile pamba, mapezini na machoni. Wangari hakwenda kanisani. Aliketi ukingoni akiwa na leso ile ile, hakula, na niliposema labda tutie chumvi aliniangalia kama niliyezungumza lugha ngeni. Mama Zuhura alisema ni jicho, watu walikuwa wamewatazama mno. Mwingine akasema ni joto. Mimi nilisema maji, kisha nikajikana mwenyewe, maana maji yalikuwa safi, tuliyanywa sisi sote na hakuna aliyekufa.

Odhiambo alirudi Jumatatu alfajiri, akapitia nyuma moja kwa moja, begi bado begani. Nilishuka nikamkuta amechuchumaa. Alitia mkono majini, akaunusa. Akatazama ukutani, kwenye ile chupa ya dawa ya kung'arisha. Akanusa tena. Dada alikuwa amesimama mlangoni.

"Wangari," alisema taratibu. "Umewafanya nini samaki wangu?"

Dada yangu alifungua mdomo. Nilingoja aseme. Hata nilimsogelea kama mtu anavyomsogelea anayekaribia kupiga chafya. Machozi yalimtoka, akageuka, akaingia jikoni, nikasikia anawasha jiko.

"Shemeji, tulitia maji tu," nikasema mimi. "Naapa. Maji ya mfereji."

"Maji tu," alisema, akanusa kiganja chake mara ya tatu. "Wewe ni dada yake, Muthoni. Sikulaumu."

Hakukuwa na kelele. Ningependa wangepigana, ningejua kinachoendelea. Odhiambo aliwazika samaki chini ya sukuma wiki, akakiacha kidimbwi kikauke. Alikula amesimama. Alilala sebuleni kwenye vile viti vyenye vitambaa, miguu ikining'inia nje. Nilimbana Wangari jikoni, nikamwambia, mwambie, kwa nini humwambii? Akasema, "Mambo ya mume wangu niachie mimi." Nilianza kumshuku hata mimi niliyeshika ndoo. Nilijiuliza kama alitia kitu nilipompa mgongo. Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka Odhiambo aliacha kazi akaenda kwao, na dada akabaki na nyumba yake na swichi zake za taa. Matokeo yangu yalitoka, nikaenda chuo, nikaolewa, nikazaa. Hatukulizungumza tena.

Ila mara moja tu, hospitalini, wiki za mwisho, dada akiwa amekonda hata pete ikawa inamtoka. Nilikuwa namlisha uji. "Niliomba wafe," alisema ghafla, nami nikajua papo hapo ni kina nani. "Miezi ile yote ya ukame. Nilipiga magoti nikamwambia Mungu awaondoe." Ndipo nikakumbuka mlango ule na kile kikapu cha nguo, nikatamani kucheka, sikuweza. Nikamwambia, lakini siku ile uliwatilia maji uwasaidie, nilikuona. "Hapo nilikuwa nimeshageuka," alisema. "Lakini ombi la kwanza lilikuwa limetangulia kwenye foleni. Nilipowaona wamekufa nilijua limefika. Aliponiuliza nimewafanya nini, ningejibu nini? Ningesema sikufanya kitu?" Alisukuma kijiko pembeni. Nilikasirika. Nilikasirika na mgonjwa wa kufa, kwa ujinga ule, kwa miaka ile, na nikambusu paji la uso ili asione uso wangu.

Haya yote nilikuwa nayo kifuani siku ya mazishi, Odhiambo aliponiita pembeni. Tulikwenda ua wa nyuma. Kidimbwi dada alikuwa amekijaza udongo akapanda kitunguu. Tulikaa ukingoni, wazee wawili, sahani za wali magotini.

"Nina mabwawa mpaka leo," alisema. "Mwaka wa pili tu huko nyumbani, mwalimu wa shule ya jirani aliniomba samaki wa kuweka darasani. Wakawatilia maji ya mfereji, hapo hapo, wakafa wote. Wakanitafutia mtu wa maji akanieleza. Maji ya mfereji yana dawa ya kuua vijidudu. Sisi haitudhuru. Samaki inamchoma mapafu yale ya shavuni. Yakilala kwenye pipa siku mbili hivi, dawa inapaa, yanakuwa salama. Mwaka ule wa mgao, Muthoni, maji yetu yote yalikuwa yamelala. Hata yale ya mwanzo yalilala humo nilipokwenda kuwachukua samaki. Ndiyo maana waliishi. Na yakirudi baada ya ukame huwa yametiwa dawa nyingi zaidi." Alikoroga wali bila kula. "Na wale waliobaki na pamba, ni mshtuko ule uliowamaliza kinga. Hilo la pamba lilinisumbua tangu siku ile. Angemimina ile chupa ya dawa ya nguo, asingebaki hata wa kuota pamba."

"Ulijua mwaka wa pili," nikasema. "Mbona hukurudi?"

"Nilirudi. Nilifika mpaka hapo langoni. Nikaona pazia limebadilishwa. Nikajiuliza, kama yalikuwa maji tu, kwa nini hakukana? Mtu asiye na kosa hukana. Nikaona labda kuna kitu kingine alichotia ambacho mimi sikijui. Nikarudi stendi." Sasa alinitazama. "Hilo ndilo ninalokuuliza. Kwa nini hakukana?"

Nikamwambia habari za maombi na foleni. Nilimwambia yote, na lile la kulowesha mikono kabla ya kushika kila mmoja, na lile la samaki kuoga kabla hajarudi. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ndani watu walikuwa wameanza wimbo wa kuaga. Nilisimama, nikapanda juu mpaka chumba cha dada, ambacho nilikuwa nimekipanga siku mbili kabla, nikashuka na kile nilichokikuta nyuma ya masanduku, kikiwa bado kimefungwa kwa gazeti la mwaka ule. Nilikuwa nimekifungua mara moja, peke yangu, nikakaa kitandani mpaka nikaitwa.

Odhiambo aliondoa gazeti pole pole. Alizipindua gambuti, akatazama nyayo. Hazikuwa na hata punje ya vumbi. Akaweka moja juu ya kiganja chake, ikatosha, akatazama mguu ule mdogo usiokuwemo.

"Alizinunua lini?" aliuliza.

"Kabla maji hayajarudi."

Mdomo wake ukafunguka na kufunga. Mpwa wangu akatoka kuja kusema gari la stendi linaondoka, akatuona, akarudi ndani. Nilimletea Odhiambo mfuko wa plastiki, akaukataa. Alizikumbatia chini ya kwapa, juu ya koti lake la mazishi, akainuka kwa taabu akishika ukuta wa kidimbwi.

"Acha nizipeleke," alisema. "Zikaone tope."